Bahari kwenda na kurudi ukitokea Moro: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikikaribia Idd au Krismasi au shule zikifungwa simu yangu haitulii, wote wanauliza mambo yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa mara moja. Mimi naishi Kihonda, hapa Morogoro, bahari siijui kwa kuzaliwa, naijua kwa kuiendea. Nimepeleka familia, nimepeleka kikoba, nimepeleka kwaya nzima na ngoma zao, na nimekosea karibu kila kitu ambacho mtu wa bara anaweza kukosea akifika pwani.

Bichi ipi nzuri kwa mtu anayetoka Moro asubuhi na kurudi jioni?

Niambie tarehe kwanza.

Sitanii. Watu wanachagua bichi kwa picha za watsapu halafu wanafika wanakuta maji hayapo. Safari yangu ya kwanza ya kundi tulikuwa watu 14 kwenye Hiace, tumetoka Msamvu saa kumi alfajiri, sufuria la pilau limefungwa kwa khanga bado linapumua, watoto wamevaa bukta zao za kuogelea tangu nyumbani. Tunafika Mjimwema kule Kigamboni saa nne na kidogo, tunashuka, bahari hakuna. Mchanga, majani, mashua imelala ubavu, halafu mbaali kule kamstari keupe. Mtoto wa dada yangu ananivuta sketi ananiuliza, mamdogo, bahari imeenda wapi? Nikakosa la kumjibu. Tukala pilau saa nne asubuhi kama watu wa msibani, tukalala chini ya mivinje, maji yakaja kufaa kuogelea saa saba na nusu hivi na dereva alishasema saa tisa kamili anageuza. Tumesafiri usiku usiku tuogelee saa moja na nusu.

Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anashona nyavu pale ndiye aliyetuonea huruma akatueleza. Shida yetu watu wa bara ni kuangalia kalenda ya ukutani wakati bahari inafuata mwezi.

Sasa huo mwezi unausomaje? Mimi sio mvuvi.

Wala huhitaji kuwa mvuvi. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndio bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, kwa Dar tofauti ya juu na chini inazidi mita 3. Katikati hapo mwezi ukiwa nusu ndio maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji juu sana.

Sasa kitu cha kushika ni hiki, kwa pwani yetu ya Dar na Bagamoyo siku za bamvua maji yanakauka saa nne mpaka saa tano asubuhi, yanajaa saa kumi jioni. Yaani ule muda ambao wewe wa Moro unafika ndio bahari imeondoka, na muda unaopanda gari kurudi ndio imefika mlangoni. Siku za maji mafu inageuka, yanajaa saa nne hivi asubuhi na yanakupwa jioni.

Kwa mtu wa kufika saa nne na kuondoka saa tisa, siku tamu ni zile ambazo maji yanajaa kati ya saa tano na saa nane mchana. Ukihesabu kwa mwezi wa Kiislamu inakuangukia tarehe 8 mpaka 11 hivi, halafu tena 23 mpaka 26. Ukitaka uhakika wa dakika kuna apu za maji kujaa na kupwa kwenye simu, andika Dar es Salaam, itakuletea siku yako. Ila hata bila apu, toka nje usiku uangalie juu. Mwezi mpevu unang'aa? Basi usiwakurupushe watu alfajiri, kesho bahari itakuwepo jioni.

Sisi tunaenda Idd, kwa hiyo maji yatakuwaje?

Hili hata mimi lilinichukua miaka kuliona. Idd el Fitr inafuata mwezi kuandama, maana yake Idd ndogo siku zote ni bamvua. Kila mwaka! Asubuhi maji hamna, jioni yamejaa mpaka yanagonga ukuta. Ndio maana ukienda Idd pili asubuhi unakuta watu wamesimama tu kwenye mchanga wanapiga picha, halafu saa kumi wote wanaingia majini kwa pamoja, maji yana nguvu, giza linakaribia, na hapo ndipo ajali zinapotokea.

Idd kubwa iko tarehe 10 ya mfungo tatu, maji yanajaa karibu na adhuhuri. Kwa maji pekee Idd kubwa ni siku nzuri kabisa kwa mtu wa Moro. Kwa msongamano usiniulize.

Haya nimeshajua tarehe. Kigamboni, Coco, Kunduchi au Bagamoyo?

Inategemea unaenda na nani na unaenda na nini.

Kama huna gari, Kigamboni. Nitaeleza chini kwa nini.

Kama una gari na watoto au wazee, Bagamoyo. Ufuo wake umelala, unatembea mbele maji yako magotini bado, hauporomoki ghafla. Ubaya wake ni huohuo, maji yakikupwa yanakwenda mbali sana. Lakini Bagamoyo ina dawa ya bamvua ambayo wengine hawana, kuna vitu vya kuona mnaposubiri maji. Unafika saa tatu au nne, unawapeleka watoto Kaole kwenye magofu, kilomita kama tano kutoka mjini, kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya zamani, kisha Mji Mkongwe, Boma la Wajerumani (Bagamoyo ilikuwa makao makuu yao mpaka 1891 ndipo wakahamia Dar), kisha misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1868, pale ambapo mwili wa Livingstone ulilazwa 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Ukimaliza hayo mmeshachoka na jua, saa saba imefika na bahari inarudi yenyewe. Siku ya bamvua mimi sikubishii, nenda Bagamoyo.

Kama mnaenda vijana, mnataka kuona watu na kuonekana, Coco. Coco sio bichi ya kuogelea, ni bichi ya kula mihogo. Nasema hivi kila siku watu wanacheka halafu wanaenda wanarudi wananiambia kweli. Pana mawe, mawe makali, na maji yakijaa mawimbi yanapigana na hayo mawe. Ila muhogo wa kukaanga wa Coco, ule unapasuliwa katikati ukiwa wa moto, unapakwa pilipili na chachandu, kachumbari pembeni, mishkaki miwili juu yake, upepo unakupiga… Nenda jioni ukiwa unalala Dar. Kwa kwenda na kurudi hapana.

Kunduchi, Mbezi Beach na kule mbele Ununio ni za hoteli zaidi. Kuna sehemu tulivu na nzuri, ila kuna sehemu bahari imekula ufukwe miaka mingi mpaka wameweka kuta na mawe kuzuia, kwa hiyo maji yakijaa mchanga wa kukalia unakuwa hakuna. Piga simu uulize kabla, swali liwe hivi: maji yakijaa mchanga unabaki? Wakijibu kuna swimingi puli, ujue haubaki.

Maji ya Bagamoyo mbona ya kahawia? Ni machafu?

Ni mto. Ruvu inamwagika baharini kaskazini tu ya mji, inaleta udongo, na huo udongo mwingine ni wa kwetu huku Uluguru, kwa hiyo ukiogelea Bagamoyo unaogelea kwenye udongo wa nyumbani. Msimu wa masika ndio inazidi. Kiangazi inatulia lakini usitegemee maji ya bluu ya kwenye kadi. Ukitaka bluu vuka kisiwani. Ila pale kwenye soko la samaki usiogelee, sogea pembeni, wale watu wako kazini, wanaparua samaki na kuosha vyombo vyao hapohapo.

Sina gari. Nifikeje bila kupoteza nusu siku barabarani?

Treni. Tangu SGR, ile treni ya umeme, ianze kubeba abiria Juni 2024 hesabu ya bahari kwa watu wa Moro imebadilika kabisa. Nauli ya kawaida Moro hadi Dar ni 13,000, na hata saa mbili hazifiki uko stesheni ya Dar, katikati ya mji. Kutoka stesheni hadi Kivukoni ni bajaji ya dakika chache, wenye miguu wanatembea. Pale unapanda pantoni, nauli shilingi 200, dakika chache za kuvuka, na kwa mtoto wa Moro hizo dakika ndizo safari yenyewe, wangu aliuliza kama tunaweza kurudi tuvuke tena. Upande wa pili kuna daladala na bajaji za kwenda Mjimwema, kama kilomita saba au nane hivi.

Ndio maana nasema kwa asiye na gari Kigamboni ndio bahari ya karibu kuliko zote, ingawa kwenye ramani Bagamoyo inaonekana iko hapohapo.

Mambo ya treni: kata tiketi mapema kwa mtandao, ya kwenda NA ya kurudi siku hiyohiyo, maana wikiendi na sikukuu zinaisha. Kuna jirani alikata ya kwenda tu akasema ya kurudi ataipata hukohuko, akalala kwa shemeji yake Temeke bila kupenda na shemeji bila kupenda. Beba kitambulisho. Fika mapema, treni haina huruma ya basi, haikusubiri unakimbia na begi. Na mizigo iwe ya kiasi, habari za sufuria la lita 30 na jiko la mkaa sahau.

Basi je?

Basi linakushusha Mbezi Luis, kituo cha Magufuli, na kutoka pale hadi baharini bado ni safari nyingine. Kuna mabasi ya mwendokasi ya kukupeleka mpaka Kivukoni, kisha pantoni kama nilivyosema. Inawezekana, nimefanya, ila nilifika baharini nimeshachoka kiasi kwamba nilitandika khanga nikalala.

Gari letu wenyewe, au Noah ya kukodi. Tupite wapi?

Kwenda Bagamoyo usiende Dar. Narudia, USIENDE DAR. Ukifika Chalinze kata kushoto njia ya Tanga, nenda Msata, hapo ingia kulia lami ya Msata kwenda Bagamoyo kilomita 64, unavuka Ruvu chini huko, unaingia mjini. Jumla unakaribia kilomita 190, sawasawa na kwenda Dar, lakini hukutani na Mlandizi, Kibaha wala Mbezi na yale malori. Kuna mtu aliniambia simu ilimpitisha Dar kisha Bagamoyo, akatumia saa saba. Simu haijui malori ya Mlandizi yanavyoamka.

Kwenda Kigamboni ukiwa na gari, toka Ubungo shika Mandela mpaka Kurasini, vuka Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa 2016. Linalipiwa, weka hela ya daraja pembeni. Ni afadhali kuliko kupanga foleni ya magari kwenye pantoni siku ya sikukuu.

Ondoka Moro saa kumi, mwisho kumi na moja alfajiri. Na mwambie dereva kwenye makazi ni 50, trafiki wenye tochi za kupima mwendo wanaamka mapema kuliko nyinyi. Kama ni gari la kukodi hakikisha lina kibali cha kubeba abiria nje ya mkoa, tuliwahi kukaa chini ya mti saa nzima dereva anajieleza na pilau inapoa.

Dada nimesikia mnalipishwa kiingilio hata kukanyaga mchanga, kweli?

Sehemu nyingi za Kigamboni na kwa mahoteli wikiendi kuna kiingilio. Kuna aina mbili na lazima uulize ni ipi: kuna kiingilio kinachogeuka kuwa soda au chakula chako ndani, na kuna kile kinachoishia getini. Halafu ulizia watoto wanalipa kuanzia umri gani.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, kwa hiyo ufukwe wenyewe sio sebule ya mtu. Ila njia ya kufikia huo ufukwe ikipita ndani ya kiwanja chake, kiti chake, choo chake na kivuli chake ana haki ya kuvitoza. Mimi siku hizi sibishani getini na watoto nyuma yangu. Natafuta njia ya wavuvi. Karibu kila pwani kuna njia ya wavuvi, uliza mama anayekaanga samaki atakuonyesha.

Tunaweza kwenda na chakula chetu?

Uliza KABLA, kwa simu, na uandikiwe kwa meseji. Kuna sehemu moja (siitaji) tuliambiwa kwenye simu hamna shida njooni na chakula, tukafika na keki ya bethidei ya mama mkwe, getini wakasema keki ni chakula kutoka nje, inalipiwa. Nikauliza kwani nyie mnauza keki? Hawauzi. Tukalipa. Mama mkwe mpaka leo anaiita ile keki ya milioni ingawa haikufika hata robo ya robo ya hapo.

Bagamoyo na fukwe za wazi hakuna tabu hiyo. Na kama hujabeba, samaki wapo, pweza wapo, madafu yapo. Uliza bei kabla samaki hajaingia kwenye mafuta. Akishaingia bei ni yake sio yako. Na mwambie nionyeshe samaki mwenyewe, usikubali "wa elfu kumi" bila kumuona, elfu kumi ya pwani ina saizi nyingi.

Visiwani, Mbudya na Bongoyo, inafaa kwa kwenda na kurudi?

Kama mmelala Dar, sana. Maji ndio yale ya bluu mnayoyataka, Mbudya boti zinatokea upande wa Kunduchi, Bongoyo upande wa Msasani. Ni hifadhi za bahari kwa hiyo kuna ada ya hifadhi mbali na nauli ya boti, nenda na kitambulisho cha Mtanzania ili utozwe ya kwetu. Maji ya kunywa beba. Kwa kutoka Moro asubuhi hiyohiyo inabana, ukichelewa kidogo tu unakaa kisiwani saa mbili huku unaangalia saa ya treni. Na sikilizeni upepo, siku ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa usibembelezwe na mwenye boti.

Miezi gani nzuri?

Kaskazi, kama Desemba mpaka Februari, kuna joto kali na maji ya moto kama ya kuogea mtoto. Machi mwishoni mpaka Mei ni masika, mvua, mito inaleta uchafu, barabara nayo. Kusi inapovuma, Juni mpaka Septemba hivi, hewa ni nzuri, jua halichomi sana, ila kuna upepo na mwani unatupwa ufukweni kwa wingi, watoto wanauogopa wanasema ni nywele. Mwani hauna shida, unanuka tu kidogo ukikauka. Mimi napenda Septemba na Oktoba, upepo umepungua na mvua bado.

Watoto wetu wanaogelea mtoni vizuri tu, kuna cha kuogopa?

Ndio, na hapa naomba nisikilizwe maana mzaha nimemaliza.

Mtoni maji yanakwenda upande mmoja na ng'ambo unaiona. Baharini maji yanakuja na kurudi, na kuna mahali yanarudi kwa kasi kama mfereji, huo ndio mkondo. Unaweza kuwa umesimama kifuani, dakika hiyohiyo uko mbali. Ukikamatwa na mkondo usipambane nao kuelekea nchi kavu, utachoka bure. Ogelea kufuata ufukwe, kulia au kushoto, ukishatoka kwenye mkondo ndio uelekee nchi kavu. Kama huwezi kuogelea lala chali uelee na uinue mkono.

Tyubu za matairi nimezipiga marufuku kwenye safari zangu. Upepo ukitokea nchi kavu tyubu inaondoka na mtoto juu anacheka, nyie mnapunga mkono mnadhani anawasalimia. Kama unataka kitu cha kuelea nunua au kodi laifu jaketi yenye mikanda.

Kwenye kundi langu kila watoto watatu wana mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwaangalia tu, halewi, hachati, hali. Zamu ya saa moja kisha anapokelewa. Usitegemee kwamba kutakuwa na waokoaji. Na siku za sikukuu valisha watoto wote rangi moja inayopiga kelele, sisi tuna fulana za machungwa, na namba ya simu ya mzazi iandikwe kwa kalamu ya wino mkononi, maana mtoto akipotea kwenye watu elfu hata jina la baba anasahau.

Halafu viatu. Kuna wale viumbe wa baharini wenye miiba mieusi wanaokaa kwenye mawe na majani, ukimkanyaga siku yako imeisha. Yeboyebo za mikanda zinatosha.

Kuvaa nini? Mama yangu ni mtu mzima na sisi ni watu wa dini.

Vaa unavyoona heshima yako, hakuna anayekushangaa. Wakina mama wengi wanaingia na dera au khanga na tisheti, ila ujue dera likilowa lina uzito, usiende nalo kwenye kina. Taiti na tisheti ndefu ni bora. Cha kukumbuka zaidi ni mjini: Bagamoyo na vijiji vya Kigamboni ni miji ya watu wa staha, ukitoka majini kwenda dukani jifunge khanga, na kina kaka vaeni shati. Hata kama hamna atakayesema, wataangaliana.

Vyoo na maji ya kuosha chumvi?

Fukwe za wazi chukulia hakuna. Sisi tunabeba madumu mawili ya lita 20 kwenye gari na kikombe, kila mtu vikombe vinne basi, kichwa kwanza. Usiposuuza chumvi mpaka unafika Chalinze unajikuna kama umelala na upupu. Poda ya mtoto inasaidia kutoa mchanga miguuni, mwagia ukiwa mkavu, futa, mchanga wote unadondoka. Hili nalipenda kuliko mengine yote niliyojifunza.

Tuko Dodoma, tunaweza kwenda na kurudi siku moja?

Kwa treni inawezekana, kwa raha haiwezekani. Laleni usiku mmoja.

Saadani au Tanga na Pangani?

Pazuri sana, hasa Pangani upande wa Ushongo, ila kutoka Moro sio safari ya siku moja. Saadani ni hifadhi, kuna kiingilio cha hifadhi, na mvua ikinyesha barabara ya udongo inakufundisha adabu. Wekeni kwa likizo.

Bajeti ya mtu mmoja kiasi gani?

Siwezi kukupa namba moja, bei za pwani zinabadilika na sikukuu. Hesabu hivi: usafiri wa mpaka mjini, usafiri wa mwisho (pantoni, bajaji, daraja), kiingilio, chakula, maji ya kunywa, kisha weka nusu ya hiyo jumla pembeni ya dharura. Watu wanasahau usafiri wa mwisho na maji. Na kundi mkusanye hela wiki mbili kabla, atakayesema nitakupa hukohuko hajawahi kukupa hukohuko.

Turudi saa ngapi?

Kwa treni ratiba inakuamulia, toka majini masaa mawili na nusu kabla ya muda wa treni ukiwa Kigamboni, maana jioni pantoni ina foleni yake. Kwa gari kutoka Bagamoyo, saa tisa na nusu mmeshasuuza mko kwenye viti, barabara ya Msata usiku ina bodaboda zisizo na taa na ng'ombe wasio na haraka.

Na mkishahesabu watu kwenye gari, hesabuni tena. Sisi tulifika Kiwangwa ndio tukagundua mjomba hayupo, tumegeuza tumemkuta palepale tulipomuacha, amekaa na wale wavuvi anashona nyavu.